Mpishi wa Watoto Waliovimba

Katika miaka yote niliyomjua, sikusikia hata mara moja mtu akimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Sista aliyesimamia kituo alimwita Mpishi. Sisi akina mama tuliolaza watoto wetu mabandani tulimwita Mpishi. Mkewe, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo aliyeleta kuni kichwani kila asubuhi, alisimama nje ya jiko na kusema, "Mpishi, nimefika," naye akatoka kumtua mzigo. Mwanzoni niliona haya kumuuliza jina lake. Baadaye sikuona haja.

Kituo chenyewe kilikuwa Mvara, nje kidogo ya mji wa Arua: mabanda matatu ya matofali na jiko moja lililojaa moshi. Kilipokea watoto waliovimba kwa kukosa chakula kinachojenga mwili. Leo hakipo tena.

Nilifika hapo mwaka wa sabini na tatu nikiwa nimembeba binti yangu Kiden, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili. Tulitoka Midia, kijijini kwetu upande wa Koboko, karibu na mpaka wa Kongo, tukapata nafasi juu ya lori la tumbaku. Miguu ya Kiden ilikuwa imejaa maji. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zake zilikuwa nyekundu, nyepesi kama manyoya ya kifaranga. Alikuwa hacheki, hachezi, na akiona chakula anageuza uso. Nyumbani walisema mimba mpya niliyokuwa nayo ndiyo iliyomchoma, na nilikuwa nimekwisha kupeleka kuku wawili kwa mganga.

Mpishi alitoka jikoni akifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mikono yake imejaa makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Hakunisalimu. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akaniuliza anakula nini. Nikamjibu kwa majivuno kwamba ghala letu limejaa muhogo na hakuna siku tuliyolala bila kula.

"Ndiyo," akasema. "Hii mtoto iko shiba. Iko shiba, na iko kufa na njaa."

Nilimchukia siku ile. Nilidhani ananitukana mimi na mume wangu na shamba letu. Ilinichukua majuma kuelewa kwamba alikuwa ananieleza ugonjwa.

Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini. Katika ujana wake alikuwa amewapikia askari katika vita vya Wazungu, akarudi na lugha hiyo, akaing'ang'ania. Alikuwa Mlugbara wa palepale Arua, lakini hata Walugbara wenzake aliwasemesha Kiswahili. Alisema jikoni panatakiwa lugha moja tu, maana watu wakibishana kwa lugha mbili uji unaungua. Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwake, kibovu vilevile, nikakinyoosha baadaye nilipoishi mbali. Sisi akina mama alituita makuruta. Alitupanga mstari kwenda kunawa mikono, alitukaripia kwa sufuria chafu, na mwanamke aliyepika huku akisimulia hadithi alifukuzwa nje. Lakini kwa watoto alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliketi sakafuni, miguu kaikunja, akamlisha mtoto mmoja kijiko kimoja, akasubiri, akalisha tena, kana kwamba siku haikuwa na kazi nyingine.

Mtoto akitema uji hakukubali tumlaumu. "Mtoto nakataa, kosa iko kwa chungu," alisema, akarudi jikoni. Niliona siku moja akijaribu kusaga samaki wakavu walioletwa kutoka Rhino Camp, kando ya Mto Nile, na kuwachanganya na unga wa ulezi. Watoto wote wakatema. Hakuumwaga uji ule. Akala mwenyewe siku nzima, akinusa kila kijiko, akitafuta ni kitu gani kilichowaudhi. Jioni akasema ni vichwa. Kesho yake akaondoa vichwa na matumbo ya samaki kabla ya kusaga, na watoto wakala.

Kiden alianza kupungua uvimbe katika juma la pili. Siku aliyocheka, akiona mbuzi ameingia bandani, nililia mbele za watu. Mpishi akaniambia nisilie karibu na mtoto, atadhani kucheka ni kosa. Mimba yangu ilitoka mwezi huohuo. Mume wangu alikuwa askari, mbali, upande wa Jinja, na barua zake zilikuwa zimekatika. Sista aliponiuliza kama ningependa kubaki na kufanya kazi jikoni, nilikubali. Hivyo ndivyo nilivyokuja kumjua Mpishi, kwa miaka sita, nikiwa ng'ambo ya pili ya chungu chake.

Wakati ule dawa kubwa ya watoto wale ilikuwa maziwa ya unga. Yalitoka ng'ambo kwa wafadhili, yakija kwa magunia mpaka Kampala, kisha kwa lori mpaka kwetu. Lakini maduka ya nchi yalikuwa yameanza kufungwa. Sukari ilipotea, sabuni ikapotea, chumvi ikawa kitu cha kufichwa. Malori yalikosa mafuta na vipuri. Maziwa yakaja nusu, yakachelewa, na hatimaye hayakuja. Sista aliandika barua nyingi. Mpishi hakuandika, maana hakujua kusoma wala kuandika. Alikwenda sokoni Arua, akazunguka, akarudi na fumba la karanga, la ufuta, la kunde, akavimwaga vyote juu ya mkeka na kuvitazama kama mtu anayecheza bao.

Alikuwa na neno alilolirudia mpaka tukalichoka: kitu kisichotoka katika shamba la mama ni dawa, si chakula, na dawa ina siku ya kwisha. Mvua ziliposhuka na kumbikumbi wakatoka, alitutoa sote nje, akina mama na watoto wanaoweza kutembea, tukawakamata kwa mabeseni. Tuliwakausha juani, tukawasaga. Ndizo siku chache nilizomwona akicheka kwa sauti. Ufuta, kunde, kumbikumbi, samaki: aliweka kila kitu katika uji, akapima kwa kopo moja la zamani, na alijua kwa kuwatazama watoto ni kipi kinachowajenga.

Palikuwa na tatizo moja lililomshinda. Uji uliokuwa na vitu hivyo vyote ulikuwa mzito kama udongo wa kukandika ukuta. Mtoto mgonjwa anameza vijiko vitatu, anachoka. Ukiongeza maji ili uteleze, tumbo linajaa maji, na chakula hakimo. "Tumbo ya mtoto iko kikombe," alikuwa akisema, "na sisi nataka kutia debe." Katika majuma yale tulizika watoto wanne. Alihudhuria mazishi yote, akisimama nyuma, na baada ya kila moja alirudi jikoni.

Hapa lazima niseme kwamba Mpishi alikuwa mlokole, mtu aliyeokoka. Zamani alikuwa mlevi, mwenyewe alisimulia hivyo mbele ya kanisa: alikunywa jeshini, alikunywa aliporudi, na mtoto wake wa pekee alikufa siku ambayo yeye alikuwa amelala kando ya njia. Tangu siku ile hakugusa pombe, hakupita hata mtaa wanamouzia pombe. Alizunguka njia ndefu kwenda sokoni ili asisikie harufu yake.

Siku moja mchana akaniambia nichukue chungu, nimfuate. Tulipita njia fupi. Tulikwenda moja kwa moja mpaka nyumba ya mama mmoja mjane aliyetoka Kongo, mfanyabiashara aliyekaa Arua miaka mingi na kupika kwete, pombe ya nafaka ambayo mji mzima ulikunywa. Watu walioketi uani kwake walishusha vikombe walipomwona. Yule mama naye akamtazama kwa mshangao.

"Muzee," akasema, "batu banakuya hapa kwa kunywa. Weye unakuya kufanya nini?"

Mpishi akamwambia amekuja kuuliza. Alikumbuka, tangu siku zake za ulevi, kwamba pombe inaanza na uji mzito ambao kijiti kinasimama ndani yake, na baadaye uji huohuo unakuwa mwepesi kama maji, na hakuna mtu aliyeongeza maji. Alitaka kujua ni nini kinachoulegeza.

Mama hakucheka. Alimletea kimea: ulezi ulioloweshwa, ukachipua, ukakaushwa juani na kusagwa. Akachukua uji mzito uliokuwa motoni, akauepua, akaungoja upoe kidogo, akatia vijiko viwili vya kimea, akakoroga. Nilikuwa nimesimama karibu, niliona kwa macho yangu. Kabla hujamaliza kuhesabu vidole vya mikono na miguu, uji uliachia mwiko, ukaanza kutiririka. Unga wote bado umo, lakini ulikuwa unamezeka. Mama akaeleza kwamba ukiuacha hivyo kwa siku kadhaa unakuwa pombe, lakini ukiurudisha motoni uchemke tena, kazi ya kimea inakufa na uji unabaki uji.

Mpishi aliinamia kile chungu mpaka nikadhani ameugua. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na alimshukuru yule mama kwa kumshika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya walevi wote.

Tangu siku ile watoto walikula bakuli zima. Wale dhaifu kabisa, waliokuwa wakimeza vijiko vitatu, walimaliza kikombe na kulamba vidole. Sista alishangaa, akataka kujua siri. Mpishi akamwambia, na Sista akakubali. Lakini akina mama hawakuambiwa. Wengi wao walikuwa walokole kama yeye, na wengine Waislamu, na alijua wangesema nini wakisikia kwamba watoto wao wanapewa unga wa pombe. Akanikataza kusema. Nilikaa kimya miezi mitatu, na sikuona ubaya, maana nilikuwa nikiwaona watoto wakitembea.

Siri ilitoka kwa pua. Mama mmoja, ambaye bibi yake alikuwa mpika pombe, aliingia jikoni kutafuta kijiko, akafungua kopo la kimea na kunusa. Baada ya saa moja kituo kizima kilijua. Akina mama walikuja mlangoni wakaniuliza mimi kwanza, mimi mwenzao. Niliinamisha macho. Nadhani hilo liliwaumiza kuliko kimea. Saba walifunga mizigo yao siku hiyohiyo na kuondoka na watoto, na mmoja kabla ya kuondoka alitema mate penye kizingiti cha jiko.

Jumapili iliyofuata Mpishi alisimama kanisani bila kuitwa. Wengi walikuwa wamekwisha kusikia pia kwamba alionekana katika nyumba ya pombe. Nilikuwa nimeketi nyuma na mkewe, naye alinishika mkono kwa nguvu. Mpishi, mikono imeshuka, akasema:

"Mimi nadanganya wamama. Miezi tatu nadanganya. Hii ni dhambi yangu, na mimi naomba Mungu na naomba nyinyi. Lakini mimi hapana tubu ile unga. Katika ile unga hakuna dhambi. Dhambi iko kwa mdomo yangu iliyofunga."

Akaketi. Hawakumfukuza, lakini tangu siku ile hakuitwa tena kushuhudia mbele, na alikuwa amezoea kushuhudia kila mwezi. Lilimuuma. Aliendelea kwenda, akaketi benchi la mwisho, na alizidi kumheshimu yule mama wa Kongo waziwazi, akamsalimia njiani na kumwita dada. Kuhusu pombe yenyewe hakubadilika. Alimwambia yule dada usoni kwamba anauza kifo, naye akamjibu kwamba anajua, na wakaendelea kusalimiana.

Akina mama wanne kati ya wale saba walirudi. Watatu hatukuwaona tena.

Kutokana na aibu ile alitunga sheria. Alisema hatalisha tena mtoto yeyote kwa siri. Kila mama atajifunza kupika uji wote mwenyewe, kuanzia kuotesha ulezi mpaka kuurudisha motoni, na hataruhusiwa kwenda nyumbani mpaka ameupika mara tatu bila kosa, kwa vitu ambavyo kwao vinapatikana. Ilikuwa sheria nzuri. Akina mama walikwenda makwao wakiwafundisha majirani, na kulikuwa na vijiji ambavyo havikutuletea mtoto tena. Lakini aliishika kama askari anavyoshika amri, na hapo ndipo palipokuwa na kosa lake.

Poni alikuwa mwanamke wa Midia kama mimi. Nilimjua tangu usichana. Alileta mtoto wake wa kiume mwanzo wa mvua. Mtoto akapata nafuu, lakini hajapona. Poni alikuwa amepika mara mbili, na mara ya pili uji ulikuwa na madonge. Akaomba ruhusa. Mvua imeshika, alisema, na asipopanda karanga juma hili, mwaka mzima hatakuwa na kitu. Nilimfasiria Mpishi, kwa sababu Poni hakujua lugha nyingine ila Kikakwa chetu. Mpishi akasema bado mara mbili, na mtoto bado ana miguu mizito, angoje. Poni akaomba tena kesho yake. Mpishi akarudia maneno yaleyale, na sauti aliyoitumia ilikuwa ile ya kuamuru makuruta.

Siku ya tatu, mchana, Mpishi alipokuwa sokoni, Poni alimfunga mtoto mgongoni akaondoka. Hakuchukua unga wala kimea, maana aliogopa kuingia jikoni kuomba. Baada ya majuma matatu dereva wa lori la tumbaku alituletea habari kwamba mtoto amezikwa.

Mpishi alipika siku ile, na siku iliyofuata. Kisha akamwomba Sista ruhusa, akaniomba mimi twende naye nikamfasirie. Tulipanda lori mpaka Koboko, tukalala kwa shangazi yangu karibu na soko, na asubuhi tukatembea kwa miguu mpaka Midia.

Tulimkuta Poni katika shamba la karanga, akipalilia. Alituona na hakusimama. Mpishi alivua kofia, akaketi chini juu ya udongo mbichi kama wanavyoketi watu msibani. Akaniambia nimwambie kwamba ile sheria haikuwa ya Sista wala ya serikali, ilikuwa yake peke yake, na amekuja ili Poni amwone mtu aliyeitunga. Nikafasiri. Poni akapalilia mpaka mwisho wa mstari, akageuka, akarudi kwa mstari mwingine mpaka alipofika tulipo. Akasema na mimi, si na yeye.

"Mwambie anajua uji. Mchana wa mwanamke wakati wa mvua haujui."

Mpishi aliinuka. Aliniuliza kama kuna jembe lingine. Tulipalilia wote watatu mpaka jua likaelekea kuzama. Tulilala kwa mama yangu. Kesho yake tulirudi shambani, na kesho kutwa pia. Siku ya tatu ndipo Poni alipoanza kusema mwenyewe, akiwa ameinama, jembe likiendelea. Alihesabu siku yake. Anaamka, anakwenda kisimani. Anakwenda shambani mpaka jua kali. Anatafuta kuni. Anarudi shambani. Anapika mara moja tu, jioni, mikono ikiwa haina nguvu, na anapika kile kinachoiva haraka, nacho ni muhogo. Katika siku hiyo, akauliza, ni wapi pa kukaanga, pa kutwanga, pa kuchekecha, pa kusimama juu ya chungu na kuurudisha motoni?

"Kama anataka watoto waishi," akasema, "atengeneze kitu ambacho mtu aliyechoka anaweza kupika."

Nilipomfasiria, Mpishi aliniomba nirudie. Nikarudia. Njia nzima ya kurudi Koboko alikuwa akiyasema maneno hayo kwa midomo bila sauti.

Kazi ya mwaka uliofuata ilikuwa hiyo. Alitaka unga mkavu, uliotwangwa wakati wa kiangazi, wakati mikono haina kazi, ambao utakaa ndani ya kibuyu mpaka mvua ziishe. Alikaanga ulezi, kunde na ufuta, akatwanga pamoja, na kimea kikavu akakichanganya humohumo. Karanga zilimsumbua: unga wenye karanga ulichacha kabla ya mwezi wa pili, ukawa mchungu. Akaziondoa, akasema mama atatupia karanga chache siku ya kupika akiwa nazo. Alijaribu kufunika vibuyu kwa majani, kwa nta, kwa udongo. Wadudu waliingia, ukungu ukaingia, akaanza upya. Mwishowe alipata unga uliokaa miezi minne, unaoloweshwa, unapashwa moto polepole mpaka ulegee, kisha unachemka mara moja tu, na umekwisha. Ile sheria ya mara tatu aliifuta kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya akina mama wote, akaeleza kwa nini.

Akaanza kwenda Koboko kila kiangazi, nami nikaenda naye. Alikaa siku ya soko pembeni mwa wauza samaki na mkeka wake, akionyesha. Wanawake wa Kongo waliovuka mpaka kwa biashara walisimama, wakaonja, wakaulizia. Kisha tunakwenda Midia. Mwaka wa kwanza alimpelekea Poni kibuyu cha unga ule, wa kwanza kabisa. Poni alikitazama, akasema hana mtoto wa kumlisha. Nilitamani ardhi inimeze. Mpishi akakiweka chini, akasema kwamba Poni akikitupa, yeye ataelewa. Hakukitupa. Alimpa mke mwenzake, aliyekuwa na mtoto mchanga anayeanza kula, na mwaka uliofuata tulipofika tulikuta wanawake sita wanatwanga uani kwake, na yeye ndiye anayewapimia. Sikumsikia akimwambia Mpishi kwamba amemsamehe, na sidhani kwamba Mpishi alitarajia hivyo. Alimiminiwa maji ya kunawa na kukaribishwa kula kama mgeni yeyote.

Watu walikuja kumwona kituoni, wataalamu kutoka mbali. Mmoja alitaka unga upewe jina, uuzwe ndani ya makopo. Mpishi alimsikiliza kwa adabu. Alipoondoka akaniambia kwamba kopo likishafungwa hakuna mama atakayejua lililomo, na sisi tumekwisha kupita njia hiyo.

Vita vilifika kwetu mwaka wa sabini na tisa. Serikali ilianguka kusini, na askari wakarudi kaskazini, wengine wakiwa watoto wetu, wengine hatuwajui, wote wakiwa na hofu. Kisha tukasikia kwamba jeshi jingine linakuja na litalipiza kwa watu wote wa West Nile, mkoa wetu, mwenye hatia na asiye na hatia. Sista na wenzake walipelekwa mahali salama. Mpishi aligawa unga wote kwa akina mama waliobaki, tukaagana mlangoni kwa haraka. Mimi nilikwenda Midia kumchukua mama yangu, tukavuka na Kiden kuingia Kongo. Sikujua yeye alikwenda wapi.

Nilimwona tena baada ya miezi kadhaa. Tulikuwa tumepiga kambi upande wa Kongo, katika vibanda vya nyasi, maelfu ya watu, na chakula kiligawiwa asubuhi penye banda la kanisa. Nilikuwa katika foleni nikamwona mbele yangu, watu kumi hivi. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, bakuli la bati mkononi. Nilitoka katika foleni, nikamwendea, nikapiga magoti kumsalimu. Akanitambua. Nilimuuliza mkewe yuko wapi. Akasema alishikwa na homa njiani, baada tu ya kuvuka mpaka, na amemzika karibu na mto ambao hajui jina lake.

Tulifika mbele. Kijana aliyegawa alipakua ugali ambao haukuiva vizuri, unga mbichi unaonekana, na akamsukuma mzee asogee. Nikashikwa na hasira. Nilifungua mdomo kumwambia kijana yule ni nani anayemsukuma, ni watoto wangapi wanaotembea kwa sababu ya mikono ile. Mpishi akanishika mkono.

"Acha, mama Kiden," akasema. "Leo mimi iko mutu ya kukula tu."

Akamshukuru kijana. Tuliketi chini, tukala. Alikula polepole, akamaliza vyote. Nilimwomba aje akae nasi kibandani, akaniuliza tuko wangapi, nikamwambia, akatikisa kichwa. Alisema kuna watu katika kijiji cha mbele waliomkaribisha siku ile alipomzika mkewe, waliomwazima jembe, na angependa kukaa karibu na kaburi. Akasimama, akajinyoosha kidogo, akaenda zake.

Kambi ilihamishwa, na ilipita zaidi ya miaka miwili kabla sijaweza kukitafuta kile kijiji. Nilikipata. Nyumba ilikuwa ya mzee mmoja Mkakwa wa upande wa Kongo na mkewe. Waliniambia kwamba mgeni wao alikufa katika usingizi, msimu wa mvua uliopita, nao walimzika kando ya mkewe. Alikuwa akiwasukia kamba na kuwafukuzia ndege shambani. Niliuliza kama aliwahi kuwapikia. Mke akamtazama mumewe, akashangaa. Hapana, akasema, mbona apike? Alikaa akangoja chakula kama mwanamume yeyote, akapewa sehemu sawa na ya mwenye nyumba, na hakuna siku aliyoacha kusema asante.

Walinionyesha makaburi mawili, nyasi zimefyekwa vizuri. Tuliporudi uani nilipiga magoti mbele ya yule mama. Nikamshukuru kwa kumlisha.